Shibe ya Mama Dastan

Watu wa Bariadi wananijua kwa ugali. Hoteli yangu iko nyuma ya stendi, na abiria akishuka na njaa yake haulizi sana, anafuata harufu ya samaki wa kukaanga mpaka anifikie. Jina langu ni Veronica, lakini hapo stendi hakuna anayelijua. Mimi ni Mama Dastan. Kwa miaka mingi mwili wangu ndio uliokuwa kibao cha biashara. Mteja akiniona nimekaa mlangoni, kwenye kiti cha chuma alichonichomelea fundi kwa vipimo vyangu, alijua humu ndani watu wanakula wakashiba. Nani anataka kula kwa mpishi mwembamba? Walinitania hivyo nami nikacheka nao, huku magoti yananiuma na sukari inapanda.

Mwaka jana nikachoka. Sikuuchoka unene, tuelewane hapo, maana kuna watu wana huruma za bure na wanazigawa bila kuombwa. Nilichoka kushtuka usingizini nikitafuta pumzi. Nilichoka kuongezewa vidonge kila nikienda kliniki. Kujinyima nilishajaribu: wiki hii majani matupu, wiki ijayo nakula sufuria na mfuniko wake. Basi nikafunga safari mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali moja ya watu binafsi, nikawekewa pete tumboni.

Acha nieleze mapema jambo lenyewe, kwa sababu kutolijua ndiko kulikotaka kummaliza mtu. Hawakunikata utumbo, wala hawakunitoa kitu. Walipitisha vifaa vyao kwenye matundu madogo, wakaizungushia sehemu ya juu ya tumbo langu mkanda wa mpira laini, wakaubana kiasi, ikawa juu ya mkanda kumebaki kifuko kidogo kama yai. Chakula nikimeza kinaanzia humo. Kifuko kikijaa kinatanuka, na mishipa ya fahamu iliyo pale inapeleka habari kichwani kwamba huku kumejaa. Baadaye chakula kinashuka polepole kupitia pale palipobanwa, ndiyo maana shibe haiondoki haraka. Tumbo kubwa la chini lipo palepale na linasaga kama zamani. Daktari aliyenifanyia, mtu mpole anayeitwa Gharib, aliniambia, "Mama, shibe ni habari tu. Kwako wewe ilikuwa inachelewa kufika." Nikamwambia kwangu ilikuwa inakuja kwa miguu kutoka Malampaka.

Chini ya ngozi, karibu na mbavu, waliacha kidude kama kifungo cha koti, kimeunganishwa na mkanda kwa mrija. Mkanda ukiwa umelegea wanachoma sindano pale na kuongeza maji ya chumvi. Ukibana mno wanapunguza. Masharti si mengi. Tafuna mpaka kilainike. Meza kidogo kidogo. Usinywe maji katikati ya chakula. Na ukisikia dalili ya kwanza, acha. Wengine husikia kubanwa kifuani, mimi hupata kwikwi, moja tu. Ikishakuja nikajifanya sikuisikia nikaongeza tonge, tonge linakwama, nabanwa kifuani kama nimekaliwa na mtu, na chakula kinarudi kilikotoka.

Mume wangu, Januarius, ni mchuuzi wa ng'ombe. Maisha yake yote amezunguka minadani akipima thamani kwa kuangalia nundu, na sidhani kama mimi aliniangalia tofauti sana. Alinisindikiza Dar, alikaa pembeni ya kitanda changu, hilo sitamnyima. Lakini nikiwa bado na drip mkononi akaniomba tusimwambie mtu ila mwanangu Dastan.

"Watasema nimeshindwa kukulisha, mke wangu," alisema. "Watasema mpaka nimekupeleka ukabanwe tumbo ili usile."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kwa kweli sikuona shida. Tumbo ni langu, sikuwa na wajibu wa kulitangaza. Tukasema nilifuata vyombo vya hoteli Kariakoo. Na vyombo tulinunua kweli.

Nikaanza kupungua. Magauni yakanipwaya, kiti cha fundi kikabaki na nafasi ya mtu wa pili. Mji ukaanza kunipima. Wapo walionipa ukimwi, wapo walionipa kifua kikuu, wapo walioniletea namba za simu za waganga. Mimi niliwajibu wote jibu moja: "Ukimaliza kunitazama, kuna ugali na sangara." Sukari ikashuka, nikalala usingizi wa mtoto, nikaanza kutembea kwenda sokoni bila kusimama njiani. Hakuna aliyeuliza kuhusu hayo.

Dastan, mwanangu wa kwanza, anafanya kazi kwenye ofisi za wilaya kule Lagangabilili, idara ya kilimo. Katika kuzungukia mashamba ya pamba akampata Elizabeth, binti wa kijiji kimoja ng'ambo ya Mwamapalala. Baba yake binti alishafariki. Mama yake anaitwa Esteria, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, analima pamba yake mwenyewe na hadaiwi na mtu. Ng'ombe walishakubaliwa. Kilichobaki ni mimi, mama wa kijana, kwenda kula kwa wakwe.

Kwa sisi Wasukuma huko huendi kuonja. Unakula mpaka mwenyeji aone kwa macho yake. Ukirudisha mkono mapema, umesema moja kati ya mawili: ama binti hujamtaka, ama chakula umekishuku. Na la pili ni baya kuliko la kwanza.

Tulikwenda na Januarius na wifi yangu, Kwandu, dada yake mkubwa. Esteria alitupokea vizuri. Alipiga magoti akatunawisha, akaleta ugali wa mtama uliojaa ungo, kuku wa kienyeji, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Akamega akala yeye kwanza mbele yetu, kama inavyotakiwa, ili mgeni awe na amani. Nikaanza. Nilitafuna kwa adabu zote za hospitali. Chakula kilikuwa kitamu, nasema hivyo kama mpishi. Kisha kwikwi ikaja, nikarudisha mkono.

Esteria aliutazama mkono wangu, akautazama ungo.

"Mama Dastan, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mkwe. Kitamu sana."

"Basi kula."

Kwandu akanisukuma na kiwiko. "Wifi, unatutia aibu," alininong'oneza, na manong'ono ya Kwandu husikika mpaka zizini. Kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa ananiangalia mimi na tonge nisilolila. Nikamega kubwa, nikaongeza paja la kuku, nikameza kwa hasira. Likakwama. Nilitoka nje nikiwa nimeshika ukuta, nikazunguka nyuma ya ghala la mahindi, na huko nikatapika mpaka machozi yakatoka. Nilipoinua uso, Kwandu alikuwa amesimama pale, amejishika kichwa.

Sitasema Kwandu ana roho mbaya. Alilia kweli njia nzima ya kurudi. Lakini Kwandu ni mtu asiyeweza kukaa na jambo asilolielewa. Atalitafutia maelezo hata kwa kuyaazima. Wifi anakonda mwaka mzima, halafu anakula kwa mjane mmoja anatapika papo hapo. Akaunganisha. Alipofika mnadani akamwambia mmoja, na siku hiyo mnada ulikuwa umejaa.

Kilichofuata alikuja kunieleza Dastan, wiki kadhaa baadaye. Aliingia hotelini mchana, watu wakiwa wengi, akakaa bila kuagiza.

"Mama, kwa kina Eliza kuna mkutano kesho. Sungusungu wamemwita mama yake."

"Kwa kosa gani?"

"Kwamba alikutilia kitu kwenye chakula." Alikuwa anaongea akiangalia meza. "Wanasema hata kupungua kwako kote ni yeye, alianza zamani, tangu niliposema nataka kuoa. Wanataka kumtenga. Na baba mdogo wa Eliza anasema ndoa haipo tena."

Nikaweka mwiko chini. Huku kwetu ukitengwa na kijiji hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukusalimia kisimani, ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Huo ndio mwanzo tu. Mwanamke mwenye umri, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote, akishashikwa na neno lile la uchawi halimtoki. Wapo waliotolewa roho kwa sababu hiyo katika nchi yetu hii ya Usukuma, na sote tunajua, na tunapenda kusema ilikuwa zamani.

"Wewe unaujua ukweli," nilimwambia mwanangu. "Mbona hukusema?"

"Baba alinikataza."

Januarius alirudi alasiri. Nilimwekea chakula, nikamngoja ameze tonge la kwanza, nikamwambia kesho naenda Mwamapalala kusema nina nini tumboni.

Aliacha kutafuna. "Subiri kwanza. Kuna njia nyingine. Si ulisema yale maji yanaweza kutolewa? Nenda Mwanza, tafuta daktari, wayatoe mkanda ulegee. Ule vizuri, unenepe kidogo, watu waone. Maneno yatakwisha yenyewe."

"Na huyo mama?"

"Watu watasahau."

"Watasahau wakiwa wameshamfanyia nini?"

Alinawa mikono kabla hajashiba, jambo ambalo silijui kwake. Akasema mimi sijui wanaume wanavyosemana minadani. Akasema jina lake limejengwa miaka mingi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mume wangu na ananipenda kwa namna yake, halafu nikamjibu.

"Jina lako halimo tumboni mwangu, Baba Dastan. Mle kuna mkanda, na mkanda nimeuweka mimi. Haulegezwi ili wewe utembee vizuri mnadani, na hautamwua mama wa watu. Ukitaka kuja kesho, njoo. Usipotaka, ng'ombe wapo, kawaangalie."

Asubuhi Dastan akanipakia kwenye pikipiki yake. Mashamba yalikuwa yamebaki mabua, pamba imeshavunwa, vumbi likitupiga usoni njia nzima. Kwa Esteria hapakuwa na mtu uani. Majirani walituona tukipita na hakuna aliyeinua mkono. Nikajua wameshaanza kabla ya mkutano.

"Mwangaluka, mkwe," nilisema mlangoni.

Alitoka, akasimama kizingitini. Hakuniitikia.

"Umekuja kutapika tena?"

"Nimekuja kukwambia kwa nini nilitapika."

Nikamwambia yote, nimesimama hapo hapo nje, maana hakunikaribisha kiti. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwenye kifuko cha ukubwa wa yai, aliangalia tumbo langu mara moja, akarudisha macho usoni.

"Umekaa na hilo wiki zote hizi," alisema. "Watoto wa shule wanapita hapa wanakimbia. Dukani wanasema hakuna chumvi, na chumvi naiona. Hukuweza kusema sentensi moja, Mama Dastan? Siku ile ungeniambia tu, mkwe, mimi nakula kidogo, nina mkanda. Ningekumegea vipande vidogo, tukaongea mengine."

"Nasema leo. Na sisemi kwako peke yako. Pika ugali, mkwe, pika na mboga. Nitaula mbele yao."

"Mimi nimpikie mtu aliyekitema chakula changu?"

"Usinipikie mimi. Wapikie wao."

Akaingia ndani, nikasikia anavunja kuni. Hakuniita kusaidia, na mimi sikuthubutu kuingia katika jiko la mwanamke mwenye hasira. Kwenye ukuta wa nje palining'inia kibuyu chake cha maziwa, kikavu, kimejibana kiunoni kama vibuyu vyote. Nikakitungua nikaondoka nacho.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la pamba la chama cha ushirika. Wanaume wamekaa upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine. Luhaga, mtemi wa sungusungu, alikuwa na kiti cha plastiki peke yake. Januarius nilimwona; alikuwa amekuja, amejificha nyuma ya watu warefu. Kwandu alikuwa mbele kabisa, ndiye shahidi.

Alitoa ushahidi wake vizuri. Alisema alichokiona nyuma ya ghala la mahindi la Esteria, akaeleza nilivyokuwa na nilivyo sasa, akanionyesha kwa kidole. "Mtazameni. Huyu alikuwa mtu wa kiti cha chuma. Sasa upepo ukija tunamshika." Watu wakaguna. Baba mdogo wa binti akasema yeye mwenyewe hali kwa shemeji yake tangu kaka yake afe. Mzee mmoja akasema penye wengi hapaharibiki neno, kijiji kimeshaona, kipitishe. Esteria alisimama pembeni na ungo wake umefunikwa kwa kitambaa, hakujitetea hata kwa neno.

"Mama Dastan," Luhaga akasema, "wewe ndiye uliyedhurika. Una la kusema?"

"Sikudhurika. Nilishiba."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha nikawaeleza, kwa sauti yangu ya kuitia wateja stendi, kwamba mwaka jana nilikwenda hospitali kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiari yangu, nikafungiwa mkanda tumboni nishibe haraka. Kwamba kabla ya hapo sukari ilikuwa inanimaliza. Kwamba kukonda kwangu nimekufanyia kazi mimi mwenyewe, hakuna aliyenipa, na nitamshukuru mtu yeyote asiponinyang'anya na kumpa mchawi.

"Uongo," sauti ikasema kutoka kwa wanaume. "Nani afunge tumbo lake na chakula anacho?"

"Mimi hapa." Nikainua kibuyu. "Mnakijua hiki?"

Esteria akakunja uso. Nikaenda kwenye ungo wake, nikafunua, nikamega ugali, nikaanza kukijaza kibuyu kupitia mdomo wake. Tonge la kwanza, la pili, matonge machache tu, ugali ukajaa hadi juu. Nikampelekea Luhaga.

"Mtemi, kimejaa au hakijajaa?"

"Kimejaa."

"Gonga chini."

Akagonga kwa kidole. Tumbo la kibuyu likalia utupu. Akagonga tena, akakigeuza kidogo, akampa mwenzake naye akagonga. Nikawaambia mimi ndivyo nilivyo ndani. Pale kiunoni pa kibuyu ndipo ulipo mkanda wangu. Juu pakijaa, kichwa kinaambiwa mama ameshiba, hata kama chini pana nafasi ya debe. Uji na maji vinapita upesi, ugali unangoja foleni. Na siku ile, foleni ikiwa imejaa, watu walinisukumia paja la kuku.

"Kibuyu kinaonekana," akasema yule mzee wa penye wengi. "Mkanda wako hauonekani."

Hapo hasira ikanipanda kweli. Nikawaendea wanawake, nikamchagua mkubwa wao, bibi mmoja mwenye fimbo ambaye kila mtu alikuwa anamwamkia. "Mayu, niletee mkono wako." Nikapandisha blauzi mbele ya kijiji kizima, upande mmoja, mpaka mbavuni, nikauweka mkono wake pale penye kidude. Wanaume wengine waligeuka pembeni. Wengine hawakugeuka, na sikujali. Bibi akabonyeza, akatulia, akabonyeza tena.

"Kuna kitu kigumu," akasema. "Kama kifungo. Na kovu lipo."

"Hicho ndicho kinachopitishiwa maji ya kubana na kulegeza. Aliyebaki na wasiwasi aje naye apapase, nina siku nzima."

Walikuja wanawake kadhaa, kila mmoja na mkono wake wa baridi. Luhaga akawatazama, kisha akatafuta kwa macho katikati ya wanaume.

"Januarius, wewe ndiye mume. Haya ni kweli?"

Watu warefu wakampisha, akabaki wazi. Nikajiambia akikana leo, narudi Bariadi, naye atajua atalala wapi.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka." Akavua kofia, sijui kwa nini. "Na mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Nilikuwa naona aibu."

Hakuna aliyemcheka. Nilikuwa nimejiandaa kuwarukia kama wangemcheka, lakini hakuna aliyecheka.

Nikakaa chini mbele ya ungo. Nikamwambia Esteria mimi ni mgeni wake, anihudumie. Alinitazama, kisha akapiga magoti vumbini mbele ya macho ya watu waliotaka kumtenga, akaninawisha, akamega akala yeye kwanza. Nikamega kidogo nikala. Nilitafuna kama daktari alivyonifundisha, nikameza, nikangoja, nikamega tena. Kijiji kizima kilibaki kunitazama nikila. Hakuna kinachochosha kama kumtazama mtu anayetafuna taratibu, na mimi sikuharakisha. Kama walikuwa na muda wa kumtenga mtu, walikuwa na muda wa kunisubiri nimeze.

Kwikwi ikaja. Waliokuwa karibu waliisikia. Nikarudisha mkono.

"Ongeza, mama," mtu mmoja akasema, kwa mazoea tu.

"Nimeshiba."

Nilikaa hapo, mikono magotini, mpaka Luhaga akaridhika kwamba sianguki wala sitapiki. Akashauriana na wenzake, vichwa vimekaribiana. Akasema kijiji hakina kesi na Esteria, na mwenye kulirudia neno lile atatozwa faini yeye. Watu wakaanza kuinuka wakipangusa makalio.

"Bado," nikasema. "Kaeni."

Wakakaa. Nadhani waliogopa nitapandisha blauzi tena.

Kwenye ungo chakula kilikuwa bado kingi, mlima haujapungua upande mmoja. Hapo ndipo nilipotaka pafike. Mkutano unaweza kufuta kesi, lakini kwetu mtu anasafishwa kwa kuliwa chakula chake. Kama wangeondoka pale na ungo umejaa, kesho dukani chumvi ingekuwa bado haipo.

"Wifi Kwandu," nikamwita. "Njoo ule."

Hakusogea. Alitazama ungo, akamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa anaangalia kofia mkononi. "Mimi nimeshiba, wifi," alisema. "Nilikunywa chai."

Esteria alikuwa ameshachukua birika la maji. Hakusema mengi siku ile yote, na sasa hakuinua sauti. Alimwendea Kwandu alipokuwa, akapiga magoti mbele yake kama mwenyeji anavyompigia mgeni, akamngoja atoe mikono. Kwandu alichelewa. Kisha akaitoa, akanawishwa, akaja akakaa karibu yangu.

Akamega kidogo sana, tonge la mtoto, akaliweka mdomoni akalizungusha. Kijiji chote kilitazama koo lake mpaka likashuka. Akataka kurudisha mkono.

"Kula, dada," Esteria akamwambia, akimsogezea ungo. "Wewe huna mkanda."